Mwaka Niliofuta Logi

Mama Sauda alizikwa Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuwa bado nimekaa mkekani uani kwake, mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, nikichungulia simu kila baada ya dakika tano kuona kama seva za ofisini kwetu zina nafasi. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele pembeni yangu walidhani nasubiri salamu za mtu. Nilikuwa naangalia diski. Kuna watu ambao hawawezi kutoka nyumbani mpaka wamekagua jiko mara tatu; mimi hukagua diski, na nimefanya hivyo kwa miaka kumi na minne, msibani, harusini, hata siku niliyojifungua mtoto wangu wa pili, mpaka muuguzi akaninyang'anya simu akaiweka kabatini. Nilipoinua kichwa nilimwona Désiré anaingia mlangoni, amevaa koti la kijivu lililombana mabegani, anatafuta kwa macho mahali pa kuacha viatu. Amenenepa, na nywele za kando zimeanza mvi. Aliponiona alitabasamu kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. "Zubeda! Weye!" alisema kwa mbali, mkono kifuani. Lilikuwa tabasamu safi kabisa. Mimi peke yangu pale uani ndiye niliyejua kwamba halikupaswa kuwa safi.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, kwa sababu mwaka ninaotaka kuusimulia sikuwa mtu wa nyumbani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na siku zangu zote zilipita katika chumba kimoja nyuma ya duka la Mama Sauda, ambaye alikuwa fundi cherehani. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya vitambaa, na hata baada ya Désiré kukipanga, mabunda ya vitenge yalibaki yameegemea ukuta mmoja kwa sababu Mama Sauda hakuwa na pengine pa kuyaweka. Seva yetu ilikuwa juu ya stuli mbili zilizounganishwa, feni imeelekezwa mgongoni mwake kama mgonjwa wa homa. Kati yetu na duka palikuwa na pazia tu. Upande wa pili cherehani tatu zilinguruma kutwa, upande wetu seva ilinguruma, na ukikaa muda mrefu hukuweza tena kutofautisha mngurumo wa huku na wa kule. Harufu ilikuwa ya nguo mpya, mafuta ya mashine na chai ya tangawizi. Sikuwahi kutulia mle ndani. Nilikuwa nikikaa nainuka, nikisimama natafuta pa kukaa, na Désiré alikuwa vile vile. Tulizungukana katika nafasi ya mkeka mmoja, tukiombana radhi kwa viwiko.

Désiré alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, kijana mrefu, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na alikuwa ametunga mchezo wa kompyuta. Aliuita Milima. Kila mchezaji alipewa mlima wake, akafuga ng'ombe, akajenga, akafanya biashara sokoni na wenzake, na akilala bila kuweka ulinzi, wenzake walivamia wakachukua mifugo. Ni hivyo tu. Lakini watu waliupenda, wa Kigali, wa Bujumbura, wa Goma, kwa sababu majina ya vilima yalikuwa kama ya kwao na ng'ombe walikuwa na pembe kama za kwao. Mimi niliajiriwa kujibu malalamiko. Désiré alisema alinichagua kwa ajili ya Kiswahili changu: "Miye nikiandika, watu wa Goma wananicheka. Weye uko na Kiswahili cha vitabu." Baada ya miezi miwili alinipa kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwe niliye leo. Alinipa diski.

Databesi ya mchezo ilikuwa na mafaili mawili. La kwanza lilishika hali ya mambo: mlima huu ni wa nani, una ng'ombe wangapi. La pili ni logi. Kila kitu kilichotokea, kwanza kiliandikwa kwenye logi, nani amefanya nini na saa ngapi, kama karani wa mahakama asiyeinua kalamu. Faili la kwanza lilikuwa dogo. Logi ilikuwa jitu. Siku niliyofunguliwa nikaiona, ilikuwa kubwa mara ishirini kuliko databesi yenyewe, na pembeni yake bakapu za zamani, nakala za akiba, zimerundikana, za kila siku, bila mtu wa kuzipunguza. "Iko inakula diski yote," Désiré alisema. "Siku ikijaa, mchezo unasimama." Nikamuuliza kwa nini tusiifute. Akanitazama kana kwamba nimesema tumfute mtu. "Logi hatufuti, Zubeda. Logi ndiyo inajua ukweli." Akanifundisha: kila asubuhi na kila jioni kuchukua bakapu ya logi, ili ndani yake pabaki wazi paandikwe upya, kila Ijumaa kuzihamisha bakapu hizo kwenye diski ya nje tuliyoifunika kwa kipande cha kitenge, kuhakikisha zimefika na zinafunguka, ndipo kufuta zilizobaki kwenye seva. Nilijifunza haraka. Nilijifunza pia kuibana logi iliyovimba ikarudi kuwa ndogo, na mara ya kwanza nilipoona sehemu nyekundu ya diski inageuka kijani niliruka, nikagonga feni. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kazi ambayo mikono yangu iliijua kabla ya kichwa.

Saa saba mchana Mama Sauda alisukuma pazia kwa goti, sahani mikononi. Ugali na isombe ya majani ya muhogo, au viazi na maharage, na Ijumaa pilau. Hakuwahi kuuliza kama tuna njaa. Tulikula tumekaa juu ya mabunda ya vitenge, tukitandika gazeti ili tusichafue, na yeye alirudi kwenye cherehani yake akiendelea na mazungumzo aliyoyaacha katikati, nasi tukayasikia yote: nani kaachwa, nani karudi, nani amepunguza mikono ya gauni kwa sababu ya mama mkwe. Désiré alikuwa akitafuna polepole ili asipitwe. "Huyu wa gauni ya kijani," alininong'oneza siku moja, "hatarudi kwa bwana wake, utaona." Alirudi baada ya siku tatu, na Désiré alihuzunika kama aliyefiwa. Nikikumbuka sasa, naona kwamba nilimpenda, ingawa si kwa namna ambayo wanawake wa upande wa pili wa pazia walidhania. Nilipenda kwamba alikuwa mtu asiyeweza kuiacha hadithi kabla ya kujua mwisho wake.

Kati ya waliokuwa wakileta malalamiko alikuwamo msichana aliyeitwa Inès. Alikuwa anaishi Kanombe na mama yake, umri wake kama wangu, na alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga uliomlaza miezi. Aliniandikia karibu kila siku. Mwanzoni alilalamika juu ya mchezo, kwamba dawa za maumivu zinamlaza usingizi mzito na wenzake wanamvamia. Baadaye aliniandikia tu, kuhusu dirisha lake, kuhusu ndege zinazoshuka uwanjani zikipita juu ya bati lao mpaka vikombe vinagongana. Mlima wake aliupanga vizuri kuliko mtu yeyote. Hakuvamia mtu. Kisha akarudishwa hospitali kwa siku nne, na alipotoka nilipata ujumbe wa mstari mmoja: "Nimeamka nimekuta mlima mtupu." Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Désiré alikuwa ametoka kununua kebo. Nilikaa nikiutazama ule mstari, nikasimama, nikaenda mpaka kwenye pazia, nikarudi. Halafu nikafungua databesi yenyewe, nje ya mchezo, kwa ufunguo wangu wa kazi, nikaandika amri moja fupi. Alikuwa amepoteza ng'ombe ishirini na sita. Nikampa arobaini. Sijui kwa nini arobaini. Nadhani nilitaka ajisikie tajiri kidogo. Inès alidhani mchezo una utaratibu wa kuwafidia wagonjwa, akashukuru, nami sikumrekebisha.

Juma lililofuata Désiré alirudi kutoka Masoro anakimbia, jasho shingoni. Kampuni moja huko ilikubali kutoa kompyuta ya mkononi, mpya, iwe zawadi kwa mwenye mlima bora ifikapo Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Mama Sauda alipiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Mimi nilisema "vizuri sana" na nikaanza kupanga upya mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mngesema ningeweza kuwaondoa wale ng'ombe kimya kimya kama nilivyowaweka. Lakini Inès alikuwa ameshawazalisha, ameshawauza baadhi, ameshajenga kwa alichopata. Kuvuta uzi mmoja kulikuwa kufumua nguo nzima. Nikajiambia hatashinda. Akashinda. Siku iyo hiyo, Alhamisi, mchezaji mmoja wa Goma aliyeshika nafasi ya pili akaandika mbele ya watu wote kwamba mlima wa Inès una ng'ombe arobaini wasio na mama: hawakuzaliwa, hawakununuliwa, hawakutekwa. Alikuwa amepitia kumbukumbu za soko moja baada ya moja. Alikuwa sahihi kabisa.

Désiré alikuwa Huye, kwenye posa ya binamu yake. Nilimpigia simu, na nyuma yake nikasikia ngoma na wazee wakibishana kwa mashairi. "Arobaini?" aliuliza. "Si kitu. Usiguse chochote, sha. Dimanche, Jumapili hii, niko hapo, nitasoma logi. Logi itasema." Alikuwa ameandika kiprogramu chake cha kuisoma. Nilijua itasema nini. Itasema Jumanne, saa nne na dakika zake, na jina langu.

Ijumaa sikuzihamisha bakapu. Nimejiuliza mara nyingi kama niliamua. Sikuamua, niliiona diski ya nje pale chini ya kitambaa chake, nikala pilau, nikajibu barua, nikaenda zangu. Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, na asubuhi mtaa mzima ulikuwa umetoka na majembe kusafisha mitaro. Maduka yamefungwa, magari hakuna. Nilipita kwa mlango wa nyuma nikajifungia chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kukisikia chumba kile bila cherehani. Saa tatu kasoro seva ikasimama. Diski imejaa, mchezo umefungwa, na wachezaji wakaanza kuandika: kuna nini, kuna nini. Nilijua la kufanya. Kufuta bakapu za zamani za mwanzo wa mwaka kwenye diski ya nje, kuhamisha za logi, kungoja. Kazi ya saa moja. Lakini palikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa fupi, na ningeweza kuieleza kwa yeyote kama jambo la dharura. Nikafuta bakapu zote za logi za mwezi ule, za kwenye seva na za kwenye diski ya nje. Nikabadilisha mpangilio ili databesi isitunze tena historia yake. Nikaibana logi. Faili lile kubwa likanywea mbele ya macho yangu mpaka likawa dogo kuliko picha za harusi za mtu. Diski ikawa kijani, mchezo ukaamka. Nje nilimsikia Mama Sauda akicheka na majirani mtaroni, akimwambia mtu, "Wewe unachimba au umeegemea jembe?" Nikaketi juu ya vitenge. Nilijisikia mwepesi. Wepesi ule ndio unaonisumbua hadi leo kuliko uongo wenyewe.

Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka stendi, begi begani, na keki ya posa imefungwa kwenye karatasi kwa ajili yangu. "Ilijaa jana," nilimwambia kabla hajakaa. "Mchezo ukasimama. Watu wanapiga kelele. Nikafuta bakapu, nikabana."

"Bakapu gani?"

"Za mwezi huu."

"Zote?"

"Zote. Ningefanya nini, Désiré? Hukuwa hapa."

Alikaa juu ya begi lake. Nilisubiri anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa, nina majibu. Akasema, "Ni kosa langu. Nimekuachia peke yako." Kisha akafungua ile karatasi akanikatia keki.

Zilifuata wiki tatu. Kwa kuwa logi haikuwepo tena, na kwa kuwa hakuna aliyempa Inès ng'ombe ndani ya mchezo, palibaki maelezo mawili. Wachezaji walichagua moja: Désiré anawagawia wasichana. Désiré alichagua lingine: programu yake ina kosa, mahali fulani inazalisha ng'ombe bila kuambiwa. Akaanza kulitafuta. Alichapisha kurasa za programu akazibandika ukutani, akazibandika hata kwenye mabunda, akitembea na kalamu nyekundu kutoka ukuta hadi ukuta. Sahani za Mama Sauda zilirudi zimejaa. "Kuna mahali ninazaa ng'ombe," aliniambia, "na sijui ni wapi. Kama sijui, basi kila kitu nilichoandika si cha kuamini." Siku moja nilimpelekea chai nikasema, "Désiré, sikiliza," naye akainua uso, macho mekundu, akangoja. Nikasema, "Chai itapoa." Upande wa pili wa pazia mteja mmoja alikuwa akipimwa gauni, nikamsikia: "Yule mvulana wako wa kompyuta, wanasema alimpa zawadi mpenzi wake wa Kanombe." Mama Sauda akajibu, na nadhani alikuwa na pini mdomoni: "Nyoosha mkono, dada. Huyo akiokota kifungo sakafuni ananirudishia." Désiré alisikia kama mimi. Hakugeuka. Inès naye aliposoma yaliyoandikwa juu yake aliirudisha kompyuta kwa kumtuma mama yake, akaacha kucheza, akaacha kuniandikia. Leo sijui yuko wapi, wala kama anatembea.

Kosa hakulipata, maana halikuwepo. Wachezaji waliondoka kwa makundi, na kabla ya mwaka kwisha aliufunga mchezo mwenyewe, mchana, bila sherehe. Aliuza seva. Mimi alinitafutia nafasi katika ofisi moja mjini iliyohitaji mtu wa kutunza databesi, akaniandikia barua ya sifa kwa mkono wake. Aliandika kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Yeye alikwenda Masoro kupakia malori kwenye ghala, na nilisikia kutoka kwa Mama Sauda kwamba hajagusa tena programu. Nilipanda ngazi kazini. Vijana wa ofisini wananitania kwamba sifuti kitu, kwamba kwangu kila bakapu ina bakapu yake na kila moja nimeijaribu kuifungua. Wanadhani ni ukamilifu. Nimehama nyumba mara tano na kubadilisha meza kila mwaka; sijawahi kukaa mahali nikahisi nimefika.

Alhamisi ile msibani alikuja kukaa kwenye benchi nje, karibu na tangi la maji, sahani ya pilau mkononi, nami nikamfuata. Aliniuliza habari za watoto. Nilimuuliza za kazi. Alisema sasa yeye ndiye msimamizi wa zamu ghalani, ana watu thelathini chini yake, vijana wenye kompyuta ndogo za kupiga picha maboksi. "Mimi nawaambia tu washike wao," alisema akicheka. "Miye na kompyuta hatuelewani." Nikamwambia pale pale, kabla sijapata nafasi ya kusimama.

"Wale ng'ombe nilimpa mimi. Wale arobaini. Niliandika kwenye databesi kwa mkono, na logi niliifuta ili usione."

Kijiko kilisimama. Ndani ya nyumba walikuwa wanasoma Yasini.

"Kwa mkono?" aliuliza.

"Kwa mkono. Mstari mmoja."

"Nje ya programu."

"Nje kabisa. Programu haikujua."

Aliiweka sahani kwenye benchi, akaifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilingoja aniulize kwa nini, nami nilikuwa nimeishi na majibu ya swali hilo miaka yote. Hakuuliza. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, na nilielewa kwamba anapitia tena zile kurasa za ukutani, moja baada ya nyingine, anazipitia akiwa anajua.

"Kumbe ilikuwa nzima," alisema hatimaye. Hakuniambia mimi. "Programu yangu. Ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi, Désiré."

Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, akainua kiganja. "Usinisemeshe," alisema. "Usinisemeshe kwanza." Akaichukua sahani yake, akaanza kula tena, akitazama ukuta. Simu yangu ilitetemeka mfukoni mara mbili nikaiacha. Hakunifukuza, na mimi sikuondoka.